Mnyororo wa Kuaminiana: Somo la Mfumo Endeshi na Swali la Imani

Mfumo endeshi ni miongoni mwa masomo ambayo mwanafunzi wa shahada ya sayansi ya kompyuta hawezi kuyakwepa. Katika Chuo Kikuu cha Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma kwenye barabara ya kwenda Chwele, somo hili hufundishwa vijana ambao wengi wao wamelelewa katika nyumba za dini: za Marafiki (Quakers), za Wakatoliki, za Wapentekoste, za Waislamu wa mjini. Kibabii kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015. Kitale nako, wanaosomea kompyuta katika politekniki ya taifa hukutana na sehemu ya mambo hayo hayo. Mtaala hutaja michakato, ugavi wa zamu za prosesa, kumbukumbu, mafaili, ruhusa na usalama. Imani haimo. Hata hivyo, mwanafunzi makini hafiki mwisho wa muhula kabla hajagongana na swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelisumbukia kwa karne nyingi: je, mtu anaweza kujua jambo lolote bila kwanza kuamini jambo jingine ambalo hakulithibitisha mwenyewe?

Kazi ya mfumo endeshi ni kusimama kati ya mashine na programu nyingine zote. Programu ya kawaida, iwe ya kuandikia barua au ya kutumia pesa, hairuhusiwi kugusa diski, kioo wala kadi ya mtandao kwa mkono wake. Lazima iombe. Mwanafunzi aliye maabara huandika herufi mbili, ls, ili aone mafaili yaliyomo ndani ya folda. Akishabonyeza kitufe, sheli inayopokea amri zake inajidurufu, nakala inageuka kuwa programu ya ls, na ls inakiomba kiini cha mfumo kiifungulie folda. Hapo prosesa hubadili hadhi: hutoka katika hali ya chini, ambamo maagizo mengi yamekatazwa, ikaingia katika hali ya juu, ambamo kiini kinaweza kufanya lolote. Kiini hukagua ruhusa, husoma diski, huweka majibu mahali ambapo ls itayakuta, kisha prosesa hurudishwa chini. Yote haya humalizika kabla kidole hakijainuka vizuri kwenye kitufe. Mwanafunzi huona majina ya mafaili, naye huamini kwamba hayo ndiyo yaliyomo. Kama kiini kimeharibiwa kikawa kinaficha faili moja, ls itatoa orodha pungufu kwa moyo mweupe kabisa. Programu haribifu za namna hiyo zipo, na ndizo zinazoogopwa kuliko nyingine, kwa kuwa zimekaa mahali ambapo swali lenyewe hujibiwa.

Somo linapofika kwenye kumbukumbu, jambo hilo huwa zito zaidi. Tangu kompyuta ya Atlas iliyoanza kazi Manchester, Uingereza, mwaka 1962, mifumo imekuwa ikizipa programu anwani zisizo za kweli. Kila programu huoneshwa uwanja mpana wa kumbukumbu kana kwamba iko peke yake ndani ya mashine. Kumbe data zake zimetawanywa huku na huku ndani ya chipu, nyingine zimehamishiwa diski, na kando yake ziko programu kadhaa zilizooneshwa uwanja kama huo huo. Programu husimamishwa ili nyingine ipate zamu, na ikirudishwa huendelea pale ilipoachia kama ambaye hakukatizwa. Ikitaka kujua kama ilisimamishwa itauliza saa, na saa yenyewe ni ya kiini.

Mtu aliyesoma falsafa hataona jipya hapa. Abu Hamid al-Ghazali, aliyeacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095, alisimulia jinsi alivyoanza kuzishuku hisia zake. Jicho huiona nyota ndogo kama sarafu, ilhali hesabu za falaki zinaonesha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Aliyezisuta hisia ni akili. Basi, akajiuliza, pengine nyuma ya akili yuko hakimu mwingine ambaye akijitokeza ataisuta akili nayo, kama mtu anayeamka anavyoisuta ndoto yake. Hali hiyo ilimshika karibu miezi 2. Anasema wazi kwamba hakuponywa na hoja, maana hoja hujengwa kwa kanuni za akili, na kanuni hizo ndizo zilizokuwa zimeshukiwa. Aliponywa na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. René Descartes, katika kitabu alichochapisha mwaka 1641, alilifikia shimo hilo hilo kwa njia ya pepo mdanganyifu ambaye angeweza kumpotosha hata katika hesabu. Yeye alijaribu kutoka kwa hoja: akathibitisha kwa akili kwamba Mungu yuko na si mdanganyifu, halafu akamtumia Mungu huyo kuidhamini akili. Wakosoaji wa wakati wake waliona mara moja kwamba hoja inazunguka. Kwa upande huu Ghazali ni mkweli zaidi. Alikiri kwamba alichopewa si uthibitisho.

Ili kuona kwa usahihi somo la mfumo endeshi linaongeza nini, inafaa kutenganisha minyororo miwili ambayo watu huichanganya.

Mnyororo wa kwanza ni wa kutegemeana papo kwa papo. Programu ya ls imeegemea kiini, kiini kimeegemea prosesa, prosesa imeegemea umeme. Ukikata kiungo chochote sasa hivi, vyote vilivyo juu yake vinazimika sasa hivi. Mwezi Januari 2018 ilitangazwa kwamba ukuta kati ya programu na kiini, ambao vitabu vilikuwa vikiufundisha kama jambo lililokwisha, ulikuwa na ufa ndani ya prosesa zenyewe. Kasoro iliyoitwa Meltdown iliiwezesha programu ya kawaida kusoma kumbukumbu ya kiini kwa kuvizia alama zilizoachwa na kazi ambazo prosesa huzianza kwa kubahatisha kabla haijajua kama zinaruhusiwa. Walioandika kiini kwa uangalifu hawakuwa na kosa. Walikuwa wamejenga juu ya ahadi ya chuma, na ahadi hiyo haikuwa kamili.

Mnyororo wa pili ni wa nasaba. Mwanafunzi hufundishwa kuorodhesha michakato yote inayoendeshwa na mashine, na kando ya namba ya kila mchakato huonekana namba ya mzazi wake. Anaweza kupanda ngazi: ls ni mtoto wa sheli, sheli ni mtoto wa programu iliyomkaribisha alipoingia, hiyo nayo ina mzazi, hadi anafika mchakato namba 1, mzee wa wote. Mzazi wa namba 1 ameandikwa 0. Hakuna mchakato wa kawaida wenye namba hiyo. Sifuri ni kiini chenyewe, ambacho hakikuzaliwa kwa njia ambayo michakato mingine huzaliwa. Lakini nacho kilitoka mahali fulani. Kiliandikwa na watu kwa lugha ya C, kikatafsiriwa kuwa maagizo ya mashine na programu iitwayo kompaila. Kompaila hiyo ilitafsiriwa na kompaila iliyoitangulia, nayo na nyingine, kurudi nyuma kwa miaka mingi.

Ken Thompson, aliyebuni Unix pamoja na Dennis Ritchie katika maabara za Bell kuanzia mwaka 1969, ndiye aliyeifanya nasaba hii kuwa swali la falsafa. Katika hotuba ya tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, alieleza jinsi ya kuichafua kompaila ili kila inapotafsiri programu ya kuingilia kwenye kompyuta ipachike mlango wa siri. Hilo pekee lingegunduliwa na mtu yeyote anayesoma msimbo wa kompaila. Kwa hiyo akaongeza hatua ya pili: kompaila iliyochafuliwa inapokutana na msimbo wa kompaila mpya, huipachika mpya uchafu wote. Baada ya hapo mchafuzi anaweza kufuta maneno yake yote kwenye msimbo. Msimbo utasomeka safi, mstari kwa mstari, huku kila kizazi kikirithi mlango wa siri kutoka kwa mzazi ambaye hayupo tena. Wazo hilo, kama Thompson mwenyewe alivyosema, lilikuwa limeguswa kabla yake katika uchunguzi wa usalama wa mfumo wa Multics uliofanywa kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani. Hitimisho lake lilikuwa kali: hakuna msimbo wa kuaminiwa ila ule ambao mtu ameuandika wote yeye mwenyewe. Na hakuna mtu aliyeandika wote.

Mkulima wa Trans Nzoia analifahamu tatizo hili kwa mikono yake. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na ni katika kituo cha utafiti cha Kitale ndipo ilipotoka mbegu chotara ya mahindi 611, mwaka 1964, kwa kupandanisha mahindi ya Kitale na mahindi ya milima ya Ecuador. Chotara hairudiwi. Anayepanda punje alizovuna mwenyewe hupata mavuno yaliyopungua, kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua za masika mkulima hurudi dukani kununua pakiti. Kilichomo ndani hakionekani. Punje ya kawaida iliyopakwa rangi na kutiwa kwenye pakiti iliyoigwa haina tofauti na mbegu halisi kwa macho wala kwa kidole, na walaghai wa mbegu bandia wameishi kwa siri hiyo. Ukweli hutokea shambani, miezi kadhaa baadaye, wakati mbolea, jembe na msimu vimeshakwenda. Dawa iliyobuniwa ni kibandiko: mkulima anakwangua, anapata namba, anaituma kwa simu, na ujumbe unarudi ukimtajia aina ya mbegu. Anayesimama nyuma ya ujumbe huo ni KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea. Nyuma ya KEPHIS yupo mkaguzi aliyetembea kati ya mistari ya mahindi ya mzalishaji wa mbegu, akatazama kama kuna mmea mgeni. Kwa hiyo mnyororo wote, simu na kibandiko na sheria, mwisho wake umefungwa kwenye macho ya mtu ambaye mkulima hatamwona kamwe. Kibandiko hakikuiondoa imani. Kiliihamisha kutoka kwa mwenye duka kwenda kwa mkaguzi, na uhamisho huo una thamani kubwa, maana mkaguzi hafaidiki kwa pakiti kuuzwa.

Dini zilizoishi kwa masimulizi zilitambua mapema kwamba swali la nasaba linajibiwa kwa kuwachunguza watu. Wanazuoni wa hadithi katika Uislamu walikataa kupokea neno lililosemwa na Mtume mpaka itajwe isnadi yake, yaani mlolongo wa walioipokezana habari, jina kwa jina. Wakajenga elimu nzima ya kuwachambua wapokezi: nani alikuwa mkweli, nani kumbukumbu yake ilidhoofika uzeeni, nani hangeweza kukutana na yule anayedai kumsikia. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alijulikana kwa ukali wa masharti yake. Kiungo kimoja kibovu kilitosha kuidhoofisha hadithi hata kama maneno yake yalikuwa mazuri. Mtu anaweza kuiona kazi hiyo kuwa ya wachamungu tu. Kwa kweli ni jibu la kitaalamu kwa tatizo ambalo sayansi ya kompyuta ililigundua upya zaidi ya miaka 1,000 baadaye.

Tukio la mwezi Machi 2024 lilionesha hivyo. Programu ndogo ya kubana mafaili, xz, hutumiwa ndani ya mifumo mingi ya Linux. Ilitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea, aliyekuwa amechoka. Mtu mwingine aliyejiita Jia Tan akaanza kusaidia, akasaidia vizuri kwa zaidi ya miaka 2, akakabidhiwa madaraka, kisha akapachika mlango wa siri. Kipande kilichouwasha hakikuwekwa kwenye msimbo ambao kila mtu husoma. Kiliwekwa kwenye kifurushi kilichotolewa tayari kwa matumizi. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima jambo lingine kabisa, akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kwa mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Angeweza kuipuuza. Aliifuatilia hadi chini, na tarehe 29 Machi akatangaza alichokikuta. Wanazuoni wa isnadi wangeuliza swali ambalo halikuulizwa kwa wakati: huyu Jia Tan ni nani, nani aliwahi kumwona, nani anamshuhudia?

Bungoma ina historia yake yenyewe ya swali la namna hiyo. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde, mzaliwa wa upande wa Kimilili aliyewahi kuwa mfuasi wa Marafiki, aliongoza Dini ya Msambwa. Iliwataka Wabukusu warejee kwenye ibada za wahenga na kuwataka Wazungu waondoke. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948, na serikali ya Kenya huru nayo ikaipiga marufuku mwaka 1968. Mengi yamesemwa juu ya ghasia na siasa za harakati hiyo. Ndani yake, hata hivyo, kuna hoja ya kielimu inayostahili heshima. Habari njema zililetwa na watu wa rangi moja na wale waliochukua ardhi ya Trans Nzoia. Je, msikilizaji hana haki ya kumpima mleta habari kabla ya kuipokea habari? Mtu anaweza kukataa jibu la Masinde, kama Wakristo wengi wa Bungoma walivyolikataa, na bado akakubali kwamba aliuliza swali halali. Wengi waliobaki kanisani walilijibu kwa njia yao: waliitenganisha habari na mchukuzi wake, wakaisoma kwa lugha yao wenyewe, wakaanza kuwahukumu wamisionari kwa kitabu kile kile walichokileta.

Tukirudi kwenye mantiki tupu, tatizo la nasaba lina matokeo 3 tu, na yametajwa tangu zama za Wayunani. Ama kila uthibitisho unahitaji mwingine bila kikomo, ama uthibitisho unazunguka na kujirudia wenyewe, ama unasimama mahali fulani pasipothibitishwa. Aristotle alichagua kusimama: zipo kweli za kwanza zinazojulikana bila kuthibitishwa. Thomas Reid, Mskoti wa karne ya 18, aliongeza jambo ambalo lingemfaa Ghazali katika miezi yake ya giza. Anayezishuku hisia kwa jina la akili, alisema Reid, anasahau kwamba zote mbili zimetoka karakana moja. Kama fundi wa karakana hiyo hutoa bidhaa mbovu, akili nayo ni ya kushukiwa. Kama hisia zinashukiwa peke yake, ni upendeleo usio na sababu.

Wahandisi nao wamejaribu kulitatua tatizo hili, na kujaribu kwao kumeongeza kitu ambacho wanafalsafa hawakuwa nacho. Mwaka 2005 David A. Wheeler alieleza njia ya kuisuta kompaila kwa kutumia kompaila ya pili iliyotengenezwa na watu wengine. Msimbo ule ule hupitishwa katika njia mbili, na matokeo ya mwisho hulinganishwa herufi kwa herufi. Yakifanana, basi ama kompaila ni safi, ama wachafuzi wawili wasiojuana wamechafua kwa namna iliyolingana kabisa, jambo ambalo si rahisi kuliamini. Hapa hakuna uthibitisho wa mwisho. Kuna mashahidi wawili, na uongo wao ungehitaji njama. Wengine wameshika njia ya kusimama, lakini wamehakikisha kwamba mahali pa kusimamia ni padogo. Mwaka 2023 mradi wa Guix ulitangaza kwamba unaweza kujenga kompaila zake za msingi kuanzia programu ya mwanzo ya baiti 357. Ukubwa huo mtu anaweza kuusoma wote kwa macho, agizo baada ya agizo, kwa siku moja. Imani haijafutwa. Prosesa inaaminiwa bado, na anayesoma anayaamini macho yake. Lakini kilichokuwa mlima kimekuwa kipande kinachoenea kiganjani.

Hapo ndipo somo la mfumo endeshi linapotoa mchango wake halisi. Mjadala wa kawaida kati ya vijana wa vyuo, wa mwenye dini na asiye na dini, huendeshwa kana kwamba upande mmoja unaamini na wa pili unajua. Aliyemtafuta mzazi wa namba 1 hawezi tena kusema hivyo kwa dhamiri safi. Pande zote mbili zinaamini. Kinachotofautisha imani moja na nyingine ni kama anayeaminiwa amejiweka mahali ambapo uongo wake ungeweza kugunduliwa. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifanya tofauti inayokaribiana na hii katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya falsafa ya wahenga. Aliwahoji wazee wasiopita vyuoni, akiwemo Okemba Simiyu Chaungo wa Wabukusu, akawatenga wanaohifadhi hekima ya jamii kama walivyoipokea na wale wanaoipokea kisha wakaihoji. Hakuwaita hao wa pili wasioamini. Walibaki wazee wa jamii zao, wakiishi ndani ya yale waliyoyapima.

Kenya iliufahamu uzito wa jambo hili mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais. Sababu mojawapo katika hukumu ya wengi ilikuwa kwamba tume ya uchaguzi haikutekeleza ipasavyo amri ya kufungua seva zake zikaguliwe. Mahakama haikusema kwamba imeona uongo ndani ya seva. Ilisema kwamba aliyeamriwa kufungua asipofungua, anastahili kudhaniwa vibaya. Kwa mizani ya Thompson hata kuzifungua kusingetosha, maana msimbo unaosomeka safi unaweza kuendeshwa na mashine chafu. Kwa mizani ya raia, kujiweka wazi ndilo jambo la kwanza ambalo mwenye kuaminiwa anadaiwa.

Je, kipimo hicho kinamfaa Mungu? Wapo wanaojibu haraka kwamba ndiyo, na kwamba kwa kuwa haiwezekani kumlinganisha na Mungu wa pili kama kompaila mbili zinavyolinganishwa, imani ya dini ni ya daraja la chini. Jibu hilo limeruka hatua. Linamfanya Mungu kuwa kiungo cha mwisho katika nasaba, kitu kilichokuwepo mwanzo wa mlolongo kisha kikaacha kazi kwa watoto wake. Wanatheolojia wakubwa hawakufundisha hivyo. Ibn Sina, na baadaye Thomas Aquinas, walitenganisha minyororo miwili ile ile iliyotajwa juu. Baba akifa mwana huendelea kuishi, na kompaila ya zamani ikifutwa mpya huendelea kufanya kazi: mlolongo wa namna hiyo, kwa Aquinas, falsafa peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulikuwa na mwanzo. Mungu wanayemzungumzia yuko upande wa mnyororo wa kutegemeana papo kwa papo. Ndiye anayevishika vitu vyote viwepo sasa, naye akiviachia havibaki hata sekunde moja. Swali la kama yupo wa namna hiyo linabaki wazi kwa mabishano, lakini angalau ni swali sahihi, na mwanafunzi anayejua tofauti ya prosesa na kompaila ana njia ya kulishika ambayo wengi hawana.

Bado kuna jambo ambalo mfano wa mashine haulifikii. Kuiamini mashine ni kuamini kwamba itafanya ilivyoelezwa. Kumwamini mtu, na zaidi kumwamini Mungu, ni pamoja na kujikabidhi, na mwenye kujikabidhi hupata sehemu ya ushahidi wake baada ya kuanza safari. Ndoa huwa hivyo, na urafiki pia. Maandiko yenyewe hayana sauti moja kuhusu kupima. Torati inakataza kumjaribu Bwana, na nabii Malaki anamnukuu Bwana akiwataka watu wamjaribu. Gideoni aliomba ishara ya ngozi ya kondoo mara mbili na hakukemewa. Tomaso alitaka kugusa majeraha, akaonyeshwa. Katika Kurani, Ibrahimu alimwomba Mola wake amwoneshe jinsi anavyofufua wafu. Alipoulizwa kama haamini, alijibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie, naye akapewa alichoomba. Marafiki, ambao misheni yao ya Kaimosi ilianza mwaka 1902 na ambao leo Kenya inao wengi kuliko nchi nyingine yoyote, wana desturi inayoziweka pamoja sauti hizo mbili. Kila mtu ana nuru ndani yake, na nuru anayodai kuiona hupelekwa mbele ya mkutano ipimwe na wengine kabla haijafuatwa. Kuomba kuhakikishiwa, katika mapokeo haya yote, ni kitendo cha mtu aliye ndani ya imani. Kinachokatazwa ni kuomba kwa nia ya kutoridhika kwa jibu lolote, na nia hiyo hakuna chombo cha maabara kinachoweza kuipima kwa niaba ya mwenyewe.